Umbali wa Kijamii na Bale ya Mtaani

Mwaka 2020, korona ilipoingia, neno jamii lilitwishwa mizigo miwili inayovutana. Redio na mabango ya afya yalituhimiza tuzingatie "umbali wa kijamii". Wakati huohuo, wasanii waliokuwa wakiwafundisha watoto wa mtaani kwao kucheza, kuimba na kupiga ngoma waliendelea kujiita vikundi vya sanaa vya jamii. Jamii ikawa jambo la kukaa nalo mbali, na papo hapo ikawa jambo la kukusanya. Mpenzi wa maneno hawezi kupita hapo bila kusimama.

Ninasimama nikiwa na hoja moja: istilahi inayotungwa bila kutazama kile ambacho watu wanakifanya kwa mikono na miguu yao hupwaya hata ikipigiwa chapuo na ofisi zote. Sanaa ya kucheza inalionyesha hilo vizuri kuliko fani nyingine, kwa sababu mchezaji anaweza kumwachia mwenzake mita nzima ya nafasi na bado wakawa wanacheza pamoja.

Tuanze na mzizi. Jamii, jamaa, jumuiya na Ijumaa ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya: Ijumaa ni siku ya kukusanyika, jumuiya ni waliokusanyika, jamaa ni wale ambao damu au ujirani umewakusanya. Mwalimu Nyerere alipotaka jina la siasa ya kuishi kwa kutegemeana, alichukua jamaa akalipa kiambishi, tukapata ujamaa. Kwa hiyo "umbali wa kijamii", ukiusikiliza kwa makini, ni umbali wa kukusanyika. Fungu hilo linajipinga lenyewe. Tena linakosea tiba: virusi vya korona vilihitaji miili iachane kidogo, havikuhitaji watu waache kujuliana hali. Mzee aliyekaa peke yake nyumbani wiki nzima alihitaji jamii kuliko wakati wowote mwingine.

Watu wa kawaida waliliona hilo haraka. Katika stendi, kwenye foleni za benki na milangoni mwa makanisa na misikiti, kauli zilizotawala zilikuwa nyingine: "kaa mita moja", "epuka msongamano", "tuachiane nafasi". Nchini Kenya ilikuwa "mita moja unusu". Msongamano ni neno lenye jasho. Kila aliyewahi kubanwa katika daladala analijua mwilini. "Tuachiane nafasi" ina kitenzi cha kutendeana ndani yake, kwamba mimi ninakuachia na wewe unaniachia, na hakuna aliyeachwa. Hiyo ndiyo maana iliyotakiwa tangu mwanzo.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, aliyebainika Arusha. Siku hiyohiyo Rais John Magufuli alisitisha mbio za Mwenge wa Uhuru za mwaka huo. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko kwa siku 30. Shule zilikuja kufunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Kwa wilaya kama Same, mkoani Kilimanjaro, Mwenge kutokupita si habari ndogo. Ujio wa Mwenge ndio unaovipa vikundi vya ngoma vya vijijini na watoto wa shule sababu ya kufanya mazoezi majuma kadhaa, kushona sare na kupanga mistari. Safari hii mistari haikupangwa.

Hapa kuna neno ambalo tunalipita bila kulitazama: halaiki. Kwa asili ni Kiarabu, viumbe au watu wengi. Kiswahili kimelitumia kwa mambo mazito, mauaji ya halaiki na kaburi la halaiki. Lakini Mtanzania akisema "watoto wa halaiki" anamaanisha kundi la wanafunzi wanaocheza kwa mpangilio uwanjani, wakiunda maumbo na herufi kwa miili yao, kila mmoja akijua hatua yake na zamu yake. Jukwaa kubwa la bale la Paris au London lina kundi kama hilo: wachezaji wanaosogea kama mwili mmoja nyuma ya mchezaji mkuu. Mtafsiri akitafuta jina lake asihangaike. Tunalo tayari, limefanyiwa kazi kwenye nyasi za viwanja vyetu kwa miaka mingi, na linaitwa halaiki.

Kuna neno jingine lililonifundisha mengi wakati ule, nalo halikutoka jukwaani. Wizara ya Afya ilihimiza kunawa mikono kwa sabuni na "maji tiririka". Upande wa tambarare wa Same ni mkavu. Milima ya Upare inashika mvua, chini yake mto ni mchanga mtupu. Mwaka 2020 mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulikuwa bado haujakamilika. Bomba lisilotoa maji halitiririshi kitu. Kilichowasaidia wengi ni kibuyu chirizi: kidumu cha lita tano kinatobolewa karibu na mdomo, kinaning'inizwa kwenye mti wa mlalo, kamba inafungwa shingoni na kushuka hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Unakanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanatoka kidogo, unanawa, unaondoa mguu, kidumu kinarudi wima. Mkono haugusi kitu zaidi ya sabuni na maji.

Tazama usahihi wa jina lile. Kutiririka ni kwenda kwa wingi na mfululizo, kama mto. Kuchirizika ni kushuka kwa mstari mwembamba, kama jasho shingoni. Aliyekiita kifaa kile chirizi alikuwa ameona maji yenyewe yanavyotoka, tena alijua kwamba uchache wao ndio faida yake mahali ambapo ndoo moja hununuliwa. Neno kibuyu nalo limebaki ingawa kibuyu hakipo tena. Plastiki imerithi jina la mboga. Kampeni za usafi zilikuwa zimekwisha kulizoesha jina hilo kabla ya korona, na korona ilipokuja lilikuwa tayari kazini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa barakoa. Lilikuwa neno la zamani la pwani kwa kifuniko cha uso cha wanawake, likiwa limekaa pembeni katika kamusi. Mwaka 2020 likarudi likiwa na maana iliyopanuka kidogo tu, na kila fundi cherehani akalijua. Karantini nalo halikuwa geni: asili yake ni siku arobaini ambazo bandari za Italia zilizizuia meli, lakini mfugaji wa Tanzania alikuwa amelisikia kila mnada ulipofungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo. Nyungu, yaani kujifukiza mvuke, halikuhitaji kueleweshwa kwa yeyote aliyewahi kufunikwa blanketi na bibi yake. Maneno haya yote yalikuwa na mahali pa kushika.

UVIKO-19 limekuwa na safari tofauti. Limetungwa kwa ustadi, kwa njia ileile iliyozaa UKIMWI: Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Limekaa vizuri katika nyaraka, katika hotuba na katika kampeni ya chanjo iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021. Lakini sokoni watu walisema korona, na mpaka leo wanasema korona. Silidharau neno UVIKO. Ninasema tu kwamba jina la ofisini na jina la mdomoni yanaweza kuishi sambamba, na mwandishi mzuri anajua lini atumie lipi.

Same yenyewe ina historia ya jina ambalo ofisi ilidhani litapokewa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha Upare kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali na kipato cha mtu, ikaipa jina mbiru. Hilo ni neno la Chasu, lugha ya Wapare, lililotaja ushuru waliokuwa wakitoa zamani kwa watawala wao. Hesabu ilikuwa rahisi: tukitumia neno lao, watalipa. Januari 1945 maelfu ya watu wakashuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kupinga. Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliandika kisa hicho mwaka 1971. Mwishowe kodi ikaondolewa. Jina la kienyeji halikuiokoa, kwa sababu watu walijua mbiru ya kwao ilikuwa nini, ilitolewa kwa nani na kwa sababu gani. Neno la wenyewe likiazimwa bila maana yake, wenyewe hulitambua upesi kuliko geni.

Nikiwa na mafunzo hayo mawili, lile la chirizi na lile la mbiru, nageukia bale.

Kwanza tahajia. Wengi wanaliandika kama Wafaransa, ballet, na kuliacha hivyo. Kiswahili kina desturi yake kwa maneno yenye "t" isiyotamkwa mwishoni: kinafuata sikio. Kwa njia hiyo tuna bufee, tuna depo wanakofunzwa askari, na gari la Peugeot liliitwa pijo kuanzia Moshi hadi Bujumbura. Kwa desturi hiyo neno letu ni bale. Ni fupi, linatamkika, na linaingia ngeli ya 9 bila ugomvi: bale hii, bale yetu.

Mahali ambapo bale imeota mizizi mtaani katika Afrika Mashariki ni Nairobi, hasa Kibera. Michael Wamaya, mwalimu wa dansi aliyeingia kumi bora wa tuzo ya Global Teacher Prize mwaka 2017, amekuwa akiwafundisha watoto wa huko, na shirika lake la Project Elimu limeendeleza kazi hiyo. Picha za madarasa yake zilizozunguka dunia zinaonyesha chumba cha kawaida cha shule: madawati yametolewa nje ili sakafu ipatikane, watoto wamepangana kando ya kuta, mikono imeinuliwa, vichwa wima. Katika mtaa mwingine wa Nairobi, Kuwinda, alikulia Joel Kioko, ambaye bale ilimpeleka hadi English National Ballet School, London.

Korona iliwakuta hapo. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule, na kuanzia tarehe 27 ikaja kafyu ya usiku. Chumba cha darasa, kilichokuwa jukwaa pekee, kikafungwa. Shule za Kenya zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021 tu. Kabla ya hapo, Desemba 2020, watoto wa Project Elimu walicheza bale ya Krismasi palepale Kibera, mbele ya majirani zao.

Tukieleza walichokifanya wasanii wa aina hii mwaka ule, tutumie kitenzi gani? Vitabu vitatupa kuendana na mazingira, kukabiliana na hali, kujirekebisha. Yote ni sahihi na yote ni baridi. Mtaa wa Tanzania una kitenzi kinachofaa zaidi: kujiongeza. Aliyejiongeza hakusubiri kuambiwa. Amepima hali, akatumia alichonacho, akaongeza akili yake juu yake. Anayefundisha kwa simu kwa sababu darasa limefungwa amejiongeza. Tamara Rojo, aliyekuwa mkurugenzi wa English National Ballet, alipofundisha kupitia intaneti akiwa jikoni kwake mwaka 2020, naye alijiongeza. Wachezaji wakubwa wa dunia walishika meza na viti vya nyumbani mahali pa upau wa mazoezi. Kwa mara hiyo moja walikuwa na vifaa sawa na vya mtoto wa Kibera.

Mafunzo ya mbali yaliibua swali la istilahi kwa nguvu mpya. Tangu Mfalme Louis XIV alipoanzisha chuo cha dansi Paris mwaka 1661, Kifaransa ndicho kinachotoa amri za bale duniani: plie, releve, tandu, jete. Mchezaji anayemfuata mwalimu aliye nchi nyingine kupitia kioo cha simu anategemea sikio, na amri hizo humwezesha kumfuata yeyote, kuanzia Havana hadi Moscow. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kutozitupa. Lakini tukumbuke kwamba kwa Mfaransa hayo ni maneno ya kila siku: iliyokunjwa, iliyonyanyuliwa, iliyonyooshwa, iliyorushwa. Mtoto wa Paris anapoyasikia, mwili wake unaelewa kabla ya akili. Mtoto wetu anapoyasikia, anakariri sauti.

Ndiyo maana ninashauri mwalimu wa bale anayefundisha kwa Kiswahili atumie lugha zote mbili kwa zamu zake. Jina la umbo libaki la kimataifa, kwa kuwa ndilo pasipoti ya mchezaji. Amri iwe ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo inayofika gotini: kunja, nyanyuka, nyosha, ruka. Kiswahili kina utajiri hapo ambao hatujauchota. Kuna kuinuka na kunyanyuka, kupinda na kukunja, kuruka na kuchupa, kuzunguka na kupiga pia. Kwa kucheza kwenyewe kuna kuserebuka, kusakata, kunengua na kuyarudi mangoma. Kila kitenzi kina mwendo wake. Kunengua ni kazi ya kiuno. Kuserebuka ni furaha ya mwili mzima. Kusakata kumebeba ukumbi na bendi ndani yake. Fani mpya ikija, ipewe nafasi ya kuchagua kutoka humo kabla hatujakimbilia kubuni.

Tumewahi kufanya hivyo. Zaidi ya karne iliyopita pwani yetu ilizaa ngoma ya beni, iliyochukua gwaride na tarumbeta za Wazungu ikazifanya mashindano ya mitaa, huku vikundi vya Marini na Arinoti vikienea hadi bara. Jina lilikuwa la Kiingereza, bendi iliyosikika kuwa beni. Vyeo vilikuwa vya kijeshi. Lakini kejeli, ushairi na ushindani vilikuwa vya wenyewe. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Hakuna aliyesema waliocheza beni waliacha kuwa Waswahili.

Linabaki neno kampuni. Waingereza husema kampuni ya bale, na watafsiri wetu hufuata. Kwa Mtanzania kampuni ina mtaji, leseni na mamlaka ya mapato mlangoni. Watu wanaocheza pamoja ni kikundi. Nchi nzima inalielewa neno hilo kwa undani: kikundi cha ngoma, kikundi cha kwaya, kikundi cha kina mama wanaowekeana hisa. Kikundi kina daftari la mahudhurio na faini ya kuchelewa. Kikundi kikikosa kukutana mwezi mmoja, wanachama hutafutana. Hapo ndipo jamii inapokaa kwa vitendo.

Na ngoma je? Neno hili limebeba mengi: chombo, mchezo, sherehe nzima, uganga wa pepo na, siku hizi, wimbo mpya wa redioni. Miaka ya 1990 mitaa ililitumia pia kuwa jina la UKIMWI, na "ana ngoma" ikasemwa kwa kunong'ona. Kwamba neno moja liliweza kubeba furaha na ugonjwa, kisha likarudi kwenye furaha, inaonyesha lilivyo imara. Sitaki bale iitwe ngoma ya Kizungu. Ngoma ina wapigaji, waitikiaji na watazamaji wanaoingia uwanjani, na bale ina utaratibu mwingine. Kila moja inastahili jina lake.

Hata hivyo kuna methali ya ngoma ambayo bale ya mtaani imeistahili kabisa: mcheza kwao hutunzwa. Kutunza hapo ni kumtuza mchezaji, kumtilia noti mkononi au kumbandikia kwenye paji la uso wakati anacheza. Korona ilizuia mkono usiguse paji, lakini zawadi ikaweza kupita kwa simu. Onyesho lililokwenda mubashara, neno tulilolipata kutoka Kiarabu na ambalo televisheni zimelizoesha vizuri, liliweza kutunzwa na ndugu aliye Muscat au Minneapolis. Na "kwao" ya methali haikuwa nyumba tu hata siku moja. Ni watu wanaokujua jina, waliokuona ukianguka mazoezini, watakaouliza usipoonekana. Hao ndio jamii, na umbali wa mita haukuwafuta.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa vyumba vya habari, walimu na wenzetu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, wafanye mambo machache. "Umbali wa kijamii" uondolewe katika miongozo ya afya, mahali pake iwekwe "kuachiana nafasi", na kipimo kitajwe kwa mita. Bale iandikwe bale. Kampuni ya bale iitwe kikundi cha bale, na kundi linalocheza kwa pamoja nyuma ya mchezaji mkuu liitwe halaiki. Kibuyu chirizi na kujiongeza vipewe vidahizo vyake kamili katika kamusi zijazo. Mlipuko mwingine utakuja, kwa kuwa magonjwa hayajaisha duniani. Kabla ofisi haijatunga neno la kuwaambia watu wakae vipi, imwite mwalimu wa ngoma na mwalimu wa bale, iwaulize wanawapangaje watoto wao, kisha iandike wanachokisema.